Printa ya Matangani

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri sana kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuwahi. Halafu mkaniomba niandike mambo niliyoyaona kazini, ati yasipotee. Nyinyi mafundi vijana ambao nikiwaeleza kitu dukani mlikuwa mnatazama simu, leo ndio mnataka niandike. Haya. Shule niliiachia darasa la sita, kwa hivyo mkikuta sentensi imepinda inyoosheni wenyewe, nyinyi ndio mmesoma.

Nilianza kwa fundi Mzee Athmani, hapa hapa Voi, ng'ambo ya reli, enzi za taipureta. Siku ya kwanza nilifika na shati jeupe, nikidhani nimeenda ofisini. Mzee akaniangalia juu mpaka chini, akanipa brashi ya rangi iliyokatwa nywele, akaniambia nisafishe taipureta ya shule moja ambayo panya walikuwa wameifanya nyumba ya uzazi. Jioni shati halikuwa jeupe tena, na mimi nilikuwa nimeshaelewa kwamba sitakuwa karani. Mzee Athmani alikuwa mtu wa familia za pwani, Kiswahili chake kimenyooka kama kanzu iliyotoka pasi. Sisi wa milimani, upande wa Wundanyi, tukifungua mdomo alikuwa anafumba macho kidogo, kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. Lakini hakututukana. Alitumalizia sukari tu, kwa sababu alikunywa chai kama gari linavyokunywa mafuta.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mteja hasemi uongo, husahau tu kwa ustadi. Hata leo muulize nini kimebadilika nyumbani, atakwambia hakuna. Rauta mpya? Hakuna. Mtoto wa shemeji aliyetoka Mombasa akakaa siku nyingi akibonyezabonyeza kila kitu? Ah, huyo si wa kuhesabu. Kwa hivyo Mzee Athmani hakuuliza. Alikuwa anaingia, anasalimu, anakubali chai, halafu anamwambia mwenye nyumba, "Hebu chapa wewe, mie nitazame." Basi. Mikono yake inabaki kwenye kikombe. Na mtu akichapa mwenyewe mbele yako, ugonjwa unajitoa. Siku hizi utamwona anachagua printa ya ofisini kwake, iliyo Mombasa, kisha anaigombeza ile iliyo mezani kwamba ni kiziwi. Huko Mombasa, mtu asiyehusika anaokota barua za watu na kushangaa.

Taipureta zikafa, zikaja printa za waya. Hizo zilikuwa raha. Unaufuata waya mpaka pale panya alipokula, unakata, unaunga, unakunywa chai. Halafu wakaja watu werevu wakatoa waya, wakasema sasa printa itasikia hewani. Tangu siku hiyo panya wamepumzika na mimi sikupumzika.

Nitawaeleza machache tu, kwa maana najua hamtasoma mpaka mwisho. Mama mmoja wa Njukini, karibu na Taveta, mwenye duka la mahindi na maharage, alinipigia simu kwamba printa ya nyumbani kwake inafanya kazi ikitaka. Nikapanda gari mpaka kule. Nikamwambia achape nitazame. Kweli, mara inakubali, mara inakataa. Nikauliza rauta, kile kisanduku kinachorusha mtandao, iko wapi. Akatoa ufunguo kifuani, akafungua kabati la chuma, lile la kutunzia vyombo vya wageni, na rauta ilikuwa mle ndani imelala kati ya birika na sahani za maua, imefungiwa kwa kufuli. Aliogopa isiibwe. Printa ilikuwa inafanya kazi siku za wageni tu, kabati likiwa wazi. Nilimwambia aiweke juu ya kabati. Akaniuliza kama naweza kumhakikishia haitaibwa. Nikamwambia siwezi, mimi ni fundi wa printa. Nadhani imerudi kabatini.

Mwingine, mfanyabiashara wa hapa Voi, mtu wa heshima sana, alinunua printa mpya akaiunganisha kwenye mtandao wa wageni. Alifikiri hivi, printa ni ngeni, mtandao unaitwa wa wageni, mambo yamekamilika. Sasa kwetu mgeni anapewa kiti kizuri na paja la kuku. Kwa rauta mgeni anapewa intaneti, kisha anafungiwa asione chumba chochote wala mwenyeji. Laptopu yake ilikuwa kwenye mtandao wa wenye nyumba, printa kwenye wa wageni, zimekaa meza moja na hazijuani. Aliponiona nahamisha printa kwenye mtandao wa ndani aliniuliza kama si mapema mno.

Na hili la anwani mlishike, kwa sababu ndilo linalowapotezea asubuhi nzima. Rauta ni mwenye nyumba wa kupangisha mwenye kichaa kidogo. Kila kifaa kikiingia kinapewa namba ya chumba. Printa ikilala usingizi, au stima ikipotea, na stima yetu mnaijua, ikiamka inaweza kupewa chumba kingine. Kompyuta haina habari. Inakwenda kubisha mlango ule wa zamani, inakuta televisheni, inarudi kukwambia printa imezimika. Nyinyi mnaanza kufungua printa kwa bisibisi. Acheni. Chapeni ule ukurasa wa mtandao kutoka kwenye printa yenyewe, msome namba iliyo nayo leo, mlinganishe na ile ambayo kompyuta inaitafuta. Halafu ingieni ndani ya rauta mwambieni chumba hiki ni cha printa milele, asipewe mtu. Hiyo ndiyo kazi. Haina ushujaa wowote, ndiyo maana hamuipendi.

Sasa niseme ya Wundanyi, maana ndiyo kazi iliyonitoa jasho kuliko zote, na jasho Wundanyi si rahisi, kule baridi yake inaingia mpaka kwenye meno.

Mwanamke mmoja anaitwa Mshai, anafanya kazi za kompyuta akiwa nyumbani kwao huko juu. Printa yake nilimuuzia mimi. Baba yake alikuwa amefariki, na asubuhi ya siku ya mazishi akanipigia simu, nipande upesi, printa haionekani kwenye kompyuta. Nikamwambia pole sana kwa msiba, lakini siku ya mazishi unachapa nini? Akaniambia njoo kwanza.

Nilipofika nyumba imejaa. Matanga ya mtu mkubwa mnayajua, watu varandani, watu kwenye hema, watu wamekaa mpaka kwenye ukuta wa tangi la maji. Mshai akanivuta chumba cha nyuma akanipa programu ya mazishi. Kamati ya mazishi ilikuwa imeichapisha Voi, karatasi inayong'aa, picha ya marehemu amevaa tai ambayo sijui walimvalisha kwa kompyuta au vipi, maana mzee yule na tai hawakuwahi kukutana. Ukurasa wa katikati umeandikwa familia yake. Ameacha mjane mmoja. Jina la mama yake Mshai, watoto, wajukuu, mpaka mkwe aliyeko ng'ambo ambaye hakuwa amepiga hata simu.

Tatizo ni kwamba wajane walikuwa wawili. Mke wa kwanza anaitwa Mkawasi. Hakujaliwa watoto, akabaki Mwanda kwenye shamba la mzee, akalima, na Mshai mwenyewe alilelewa naye kule mpaka akaanza shule. Anamwita Mama Mkubwa. Mama Mkubwa alikuwa ameshuka kutoka Mwanda siku iliyotangulia, akaomba asomewe programu. Ikasomwa. Aliposikia hayumo hakulia wala hakugomba. Alimwambia Mshai maneno haya tu, "Kumbe mimi ni jirani. Basi nitakaa na majirani." Akaenda jikoni, akachukua ungo, akaanza kuchambua mchele. Na akasema kaburini haendi, kwa kuwa jirani hatupi udongo pamoja na wenye mtu.

Mnaelewa hilo. Mke asipofika kaburini kwa mume wake, kwetu hakuna siku nyingine ya kurekebisha. Kaburi likifunikwa, limefunikwa naye yuko nje, na itasemwa hivyo mpaka na yeye afe.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mdogo wa marehemu, Mshai anamwita Baba Mdogo Mwadime. Mshai alimwendea. Akajibiwa kwamba ni makosa ya uchapaji, hakuna mtu aliyekusudia, na si mambo ya kuyakuza na mwili uko njiani. Makosa ya uchapaji. Mimi nimekaa na printa umri wangu wote, nimeona zinakula karatasi, nimeona zinatoa mistari ya zambarau, nimeona moja ikitoa moshi. Inayofuta mke sijaiona.

Kwa hivyo Mshai alikuwa ameandika upya ukurasa ule wa familia, wa kuchomekwa katikati ya programu ili atakayesoma kaburini asome huo. Mwenye saiberi ya karibu, lile duka la kompyuta na uchapaji, alikuwa pale pale matangani, ameshiba chai, ufunguo wa duka anao mke wake, na mke wake yuko Taveta. Imebaki printa ya nyumbani. Na printa taa yake inapepesa tu, inatafuta mtandao haiupati.

Nikamwambia, chapa nitazame. Haionekani kabisa. Nikazima rauta nikaiwasha. Taa ya printa ikatulia kidogo, moyo wangu ukatulia, kisha ikaanza kupepesa tena. Nikatoka nje kuvuta hewa nifikiri. Hapo nikawaona waombolezaji. Kila mmoja ameinamisha kichwa kwa huzuni, na kila huzuni ina mwanga wa buluu chini yake.

Nikarudi ndani nikamuuliza Mshai, paswadi ya waifai umempa nani? Akanishangaa. "Mzee, nimnyime nani? Ni matanga." Ilikuwa imeandikwa kwenye katoni, imetundikwa karibu na meza ya chai, chini yake wameandika karibuni. Shangazi ndiye aliyeiandika, ili watu wasisumbuke kuuliza.

Basi ugonjwa ukawa huo. Rauta ya nyumbani ni kama nyumba yenyewe, ina idadi ya watu inaowatosha. Ikijaa, inafunga mlango. Simu zina mbio. Mimi nikizima rauta na kuiwasha, simu za waombolezaji zote zimeshaingia na kukaa kabla printa haijamaliza kukohoa. Ikibahatika kuingia, ikisinzia kidogo tu, mjomba fulani anakaa kwenye kiti chake.

Najua mnavyopenda kunikosoa, kwa hivyo niyamalize maswali yenu. Waya? Laptopu ya Mshai ni ile nyembamba isiyo na tundu la waya wowote ninaoumiliki. Kuifuta printa na kuifundisha mtandao mwingine kupitia simu? Printa ile haina kioo, ukiifuta inataka upakue programu yake ya simu kwanza. Upakue kwa mtandao gani? Ule ule, na kule kwao bando za simu zinatambaa kama kinyonga. Kuingia ndani ya rauta niwatoe watu? Paswadi ya ndani anayo kaka yake Mshai, ambaye alikuwa kwenye gari la maiti, na hakuna mtu mwenye adabu anayempigia simu aliye kwenye gari la maiti amuulize paswadi. Nilimpigia. Hakupatikana.

Nikamwambia Mshai itabidi watu waombwe wazime waifai. Akatikisa kichwa. Angeanza kuwapitia mmoja mmoja, wangemwambia sawa mama, wangefungua simu, wangekuta ujumbe, wangejibu ujumbe. Na wazee wangesema wamenyimwa mtandao msibani. Milimani unaweza kusamehewa wizi wa mbuzi. Kunyima msibani, hapana.

Ndipo nikakumbuka kwamba kuna wakati mmoja tu mtu wa kwetu anazima simu kwa hiari yake, wakati wa maombi. Nikamtafuta mzee wa kanisa aliyekuwa anaongoza, Mzee Mwandoe. Nikamchukua kando, nikamweleza yote, rauta, printa, mke wa kwanza, nikamwomba aite maombi, aseme simu zizimwe kabisa kwa heshima ya marehemu, na aombe taratibu.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nikisema ni kwa heshima ya marehemu nitakuwa nimedanganya kwenye maombi, na mwenyewe yuko njiani anakuja. Nitasema ni kwa nini. Ama sisemi."

Nikarudi kwa Mshai na jibu hilo. Akakaa kitandani. Lile jambo lilikuwa bado la chumba cha nyuma. Likisemwa hadharani, mlima mzima utajua kwamba walimsahau mke wa mzee, na Baba Mdogo Mwadime atalisikia mbele ya watu, na zaidi, mama yake mzazi atalisikia, naye alikuwa sebuleni, amekaa kwenye godoro lake la ujane, watu wakimpa pole kama mjane wa pekee.

"Ngoja kwanza nimwambie mama," akasema. Akaenda sebuleni, akamwinamia sikioni. Mama yake hakugeuza uso. Mshai akarudi, akafungua laptopu. "Amesema sawa. Mwambie Mzee Mwandoe aseme."

Mzee Mwandoe akasimama katikati ya hema. Hana sauti kubwa, lakini watu wanamnyamazia. "Ndugu yetu ameacha mke wake wa kwanza, Mkawasi wa Mwanda," akasema. "Jina lake halimo kwenye karatasi mlizoshika. Yuko jikoni, anawachambulia mchele. Fundi ananiambia mashine haiwezi kuliandika mpaka simu zenu zizimwe. Sikusema zinyamazishwe. Zizimwe. Tusimame tuombe."

Baba Mdogo Mwadime alikuwa amekaa mbele. Watu wote wakamtazama yeye, kwa ule utazamaji wa milimani, wa kuangalia viatu vya mtu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akazima. Akatoa ya pili, akazima. Baada ya hapo zikasikika kila mahali, tiririri, ting, tiririri, kila simu ikiaga kwa wimbo wa kampuni yake. Nikakimbia chumba cha nyuma. Nikazima rauta, nikawasha. Taa ya printa ikapepesa, ikapepesa, ikatulia.

"Chapa, mama," nikamwambia Mshai. Printa ikavuta karatasi ya kwanza.

Sasa printa ya wino ya nyumbani haina haraka, na nilikuwa nimekubaliana na Mzee Mwandoe kwamba zikimalizika nitakohoa mlangoni. Hiyo haikuwa akili. Asubuhi Wundanyi, watu hema nzima, nani hakohoi? Bibi mmoja akakohoa, mzee akaanza kuelekea amina, nikamwonyesha mkono, akageuka na kuanza upya kutoka kwa Ibrahimu. Aliombea mvua. Aliombea barabara. Aliwaombea ndovu wa Tsavo wakae Tsavo na mahindi ya watu wayaache. Kila akifika karibu na mwisho alikuwa anafungua jicho moja ananitazama, na mimi nikitikisa kichwa anatafuta wilaya nyingine ya kuombea. Mara ya kwanza maishani mwake kuombwa aendelee, na nilimwona anafurahia.

Nikakohoa. Amina. Simu zikawashwa zote kwa pamoja, na printa ikatupwa nje ya mtandao bila hata kuambiwa asante. Karatasi zilizokuwa zimetoka zilitosha moja kwa kila benchi, na moja ya msomaji.

Ya kwanza Mshai aliichukua mwenyewe mpaka jikoni. Mimi nilifuata nyuma, nikimwambia Mama Mkubwa asiiguse kwa kidole chenye maji, wino bado mbichi. Maneno ya maana sana wakati kama ule. Akajipangusa mikono kwenye leso, akaishika pembeni kwa ncha za vidole.

"Soma," akasema.

Mshai akasoma. Ameacha wajane wawili, Mkawasi, mke wa kwanza, na jina la mama yake.

"Rudia pale mwanzo."

Akarudia. Mama Mkubwa akaikunja ile karatasi ndogo kabisa, wino ukachafuka. Akausukuma ungo kando. "Basi mchele huu amalizie jirani," akasema, akatoka kupitia mlango wa sebuleni, si ule wa jikoni.

Mwili ulipofika mambo yakaenda upesi, kama yanavyokwenda. Kaburini msomaji akasoma karatasi yetu, akapita pale kwenye majina bila kujikwaa. Baba Mdogo Mwadime ndiye aliyekuwa anaita watu kutupa udongo. Akaita, "Mjane." Akasita, akatazama chini. "Wajane."

Mama yake Mshai alikuwa ameshainama, udongo uko mkononi. Akarudi nyuma hatua moja, akampisha mwenzake.

"Tangulia, dada," akasema, akangoja.